Mleta uzi, acha kusahihisha huku unaandika

Mkuu, unasema kila ukiweka sehemu ya hadithi yako watu wanarukia makosa ya sarufi, na sasa hamu yenyewe ya kuandika inakwisha. Mimi nachapa na kuhariri kazi za watu kwenye steshenari moja maeneo ya Mwenge, na hadithi zinaletwa nyingi tu. Nikwambie ninachokiona.

Wengi watakushauri usome kwa sauti. Inasaidia kwa zile sentensi ndefu zinazokata pumzi, basi. Makosa yetu watu wa Dar yanatoka sikioni kwenyewe. Tunatamka "kua" tukimaanisha kuwa, "ambae" badala ya ambaye, "ata" badala ya hata. Soma "alitaka kua mwalimu" kwa sauti uone, sikio linapitisha bila kinyongo, wakati kua ni kuongezeka kimo. Ndivyo ilivyo kwa haya na aya, hama na ama, thamani na samani. (Nimeshaletewa hadithi ya bwana aliyemvisha mchumba pete yenye samani kubwa.)

Hayo yawinde kwa macho. Tengeneza orodha ya makosa yako wewe, kisha yatafute kwenye simu neno moja moja. Ila usiiamuru simu igeuze kila "kua" iwe "kuwa" kwa mkupuo, maana kuacha itageuka "kuwacha" na kuanza iwe "kuwanza". Ukiwa na shaka, kamusi ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ipo.

Linalonisumbua zaidi mezani ni upatanisho, yaani kitenzi kukubaliana na nomino yake. "Vitabu alivyoviacha marehemu mjomba kwenye chumba cha uani kule Mbagala yalilowa yote." Huyu mwandishi anajua fika kwamba vitabu vinalowa, hayalowi, safari ya kutoka nomino hadi kitenzi ndiyo imemsahaulisha. Kwa hiyo shika kitenzi, rudi nacho nyuma mpaka umkute mwenyewe. Na watu na wanyama wana utaratibu wao: kifaranga amekufa, viongozi wamefika.

Simu nayo ina lake. Kibodi ikiwa ya Kiingereza, "kama" inakuwa "karma", na vitenzi vinakatwa: "nime mwona", "kuto kwenda". Weka kibodi ya Kiswahili. Nafasi siyo urembo. "Alikaa na kucheka" na "alikaa nakucheka" hazifanani hata kidogo.

Sasa hamu. Siku ya kuandika usihariri. Mimi yangu naandika kwenye mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, mara nyingi nimesimama, na sirudi nyuma hata nikiona kosa linanikodolea macho. Kusahihisha ni kazi ya Jumapili. Ukisimama kila mstari kujiuliza sio au siyo, sura haiishi, na sura isiyoisha inakatisha tamaa kuliko maoni ya mtu yeyote. Maoni ya sarufi yasome mara moja, chukua la kuingiza kwenye orodha, songa. Anayeuliza "sehemu ya pili iko wapi?" ndiye msomaji wako, mshike huyo.

Ila midomo ya wahusika usikubali isahihishwe. Konda wa Gongo la Mboto akisema "suka, twende!" mwache hivyo hivyo. Aliyekwambia uandike "dereva, tafadhali tuondoke" hajapanda daladala siku nyingi. Kiswahili chako sanifu kiweke kwenye masimulizi.

Sehemu inayofuata ikiwa tayari itupie hapa hapa, nitaanza na vitenzi.