Shangazi, mume wangu ameacha kumtegemea Mungu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya Tunduma mpaka tajiri wake alipouza magari mwaka jana. Sasa analinda ghala usiku. Tangu hapo ni majaribu juu ya majaribu. Mimi namtegemea Mungu kwa asilimia 100: nafunga, nakesha, nimepanda hata mbegu, sadaka ya Sh300,000 kwa mtumishi, ili mlango ufunguke. Mwenzangu amepoa. Jumapili analala hadi mchana. Nikimwambia tuombe anajibu, "Omba tu mke wangu, mimi nimechoka." Mwezi uliopita adui alituvamia: walikuja watu mchana kweupe, majirani wanaangalia, wakabeba TV na jiko la gesi. Mtumishi ameniambia kizuizi kinatoka ukweni. Na kweli mama mkwe hanipendi. Wiki iliyopita amekuja na gunia la viazi kutoka Njombe, eti wajukuu wasilale njaa, kana kwamba nimeshindwa kulea. Nafikiria kuondoka kwa muda nikautafute uso wa Mungu. Nifanyeje imani yangu isife?*

Marahaba mwanangu. Pole. Nyumba iliyozoea posho ya safari ikibaki na mshahara wa mlinzi, kila kitu hupungua, hata maneno ya kuambiana. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiirudia ninayemwonea huruma ni mtu mwingine.

Msema pweke hushinda, ndiyo maana mumeo ameshindwa kesi hii kabla hajafungua kinywa. Analala Jumapili. Usiku kucha yuko ghalani, ulitaka alale lini? Mtu aliyezoea kushika usukani wa lori, utingo akimwita bosi, leo amekubali kuvaa sare ya ulinzi na kusaini daftari la zamu getini ili watoto wale. Wenzake wangapi wako kijiweni wakisubiri mkeka wa kamari ujibu? Na hayo maneno, "Omba tu mke wangu, mimi nimechoka," si ya mtu aliyemwacha Mungu. Anakukabidhi zamu.

Tuje kwenye TV. Adui gani anayekuja mchana, anajua TV ilipo, anabeba na jiko, na majirani hawapigi yowe? Uswahilini kwetu mwizi wa kuku tu hafiki barabarani. Majirani walinyamaza kwa sababu walijua hao ni watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, wamefuata rejesho lao. Halafu najiuliza hiyo Sh300,000 ilitoka wapi. Hujataja genge, wala cherehani, wala mchezo wa kina mama. Nadhani ulikopa, ukaandikisha vitu vya ndani kuwa dhamana, na mumeo akaja kujua siku aliporudi nyumbani akakuta ukuta mtupu. Kama nimekusingizia, nisamehe. Lakini sidhani.

Wewe unaita kumtegemea Mungu kwa asilimia 100. Mimi naona umempangia Mungu marejesho: nimeweka laki tatu, mlango ufunguke kabla ya mwisho wa mwezi. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru la moto, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," hata hivyo hawataisujudia sanamu. Barua yako yote nimeitafuta "bali kama si hivyo", sijaiona.

Na soma 2 Wafalme 4. Kuna mjane pale mwenye shida kama yako, ila yake ni kali zaidi: mdai anataka kumchukulia wanawe wawili wawe watumwa. Akaenda kwa Elisha, naye alikuwa nabii hasa. Elisha hakumwambia apande kitu. Alimuuliza, una nini nyumbani? Chupa ya mafuta. Akamtuma akaazime vyombo kwa majirani. Kwa majirani, mwanangu, na wewe unawaficha! Mafuta yalipojaa akaambiwa auze, alipe deni, na kinachobaki ale na wanawe. Hesabu mwenyewe fungu la nabii hapo. Hakuna hata kijiko.

Sasa huyo mama mkwe. Kizuizi gani kinachopanda basi Njombe, kikakaa kutwa nzima barabarani na gunia la viazi, kuja kulisha watoto wako? Hao watoto walikula nini jana? Ukijibu kwa ukweli utajua nani mjumbe wa Mungu katika habari hii. Yesu mwenyewe, Marko 7, aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, wamemtolea Mungu, ilhali wazazi wao wanahangaika.

Ndoa za siku hizi zina wasikilizaji wengi mno. Zamani siri ya ndani aliijua somo, yaani kungwi, na wazee wawili. Leo mke ana baba wa kiroho na kundi la maombi kwenye simu, mume ana kijiwe, na wenyewe kwa wenyewe wakikutana ndani wanaulizana tu chumvi iko wapi. Sisemi watumishi wote. Nawajua wachungaji waliokesha hospitalini na wagonjwa bila kuomba hata nauli. Lakini rafiki watatu wa Ayubu nao walikuja na majibu tayari, kwamba lazima kuna uovu umejificha nyumbani mle, na mwishoni waliokasirikiwa na Mungu walikuwa wao.

Kuondoka usiondoke. Uso wa Mungu unautafuta wapi ambako watoto hawapo? Na usikope kwa mwingine ili umlipe huyu. Dai nakala ya mkataba, uliza leseni: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni ya Benki Kuu. Wakikuzungusha, nenda serikali ya mtaa, na uende na mumeo.

Ndiyo, na mumeo. Leo kabla hajavaa sare, mwekee karatasi zote za mkopo mezani, na ile ambayo bado hajaiona. Atakasirika. Mwache akasirike, usimjibu kwa aya. Jumapili mwache alale, wapeleke watoto ibada ya kwanza, kisha urudi umenye hivyo viazi. Halafu nimetafuta katika barua yako mahali ulipomwambia mkweo asante, sikupaona. Simu hawajaibeba.