Askari ukimpa simu aone bima, aone bima tu

SWALI: Shikamoo. Ninaishi California. Majuzi jioni askari alinisimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ya gari ilikuwa imeungua. Kadi yangu ya bima iko kwenye simu, basi nikaifungua nikampa. Akaondoka nayo hadi kwenye gari lake. Aliporudi, alikuwa amefungua kundi letu la WhatsApp la kamati ya harusi, lenye orodha ya majina na dola walizochanga watu. Kiswahili hajui, lakini tarakimu alizisoma. Akaniuliza hizi hela zote ni za nini, kisha akasema anataka kuangalia zaidi. Kwa woga nikamwambia aangalie tu. Hakunikamata, aliniandikia onyo la taa tu. Je, alikuwa na haki? Shemeji yangu wa Missouri anasema huko kwao hakuna ulinzi wowote wa simu. Ni kweli?
Msomaji, Sacramento

JIBU: Marahaba. Haki hakuwa nayo, na kosa lake linaanzia kwenye hiyo kadi ya bima. Tangu Januari 2013 California inamruhusu dereva kuonyesha bima kwa simu, na kifungu hichohicho cha sheria ya barabarani kinamfunga askari mikono: aangalie uthibitisho wa bima, na ni marufuku kuangalia kitu kingine chochote kilichomo. Orodha ya michango ya harusi si bima. (Kuna jambo wengi hawalijui: sheria inasema simu ikiharibika wakati wa kuonyeshana huko, hasara ni ya aliyeitoa. Ndiyo maana kadi yangu mimi ni ya karatasi, na imelala kwenye dashibodi.)

Juu ya hiyo kuna sheria pana zaidi ya jimbo, inayowataka polisi wapate hati ya hakimu kabla ya kupekua simu ya mtu, ambayo mawakili huiita CalECPA. Gavana Jerry Brown aliisaini Oktoba 2015, ikaanza kutumika Januari 1, 2016. Ajabu ni kwamba mwaka 2011 Brown huyohuyo alikataa kusaini muswada uliotaka polisi wapate hati ya hakimu kabla ya kupekua simu ya mtu waliyemkamata. Katikati ya miaka hiyo ikaja kesi ya Riley. Ilianzia San Diego kwa dereva aliyesimamishwa kwa usajili wa gari uliokwisha muda, na mwaka 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakasema kwa kauli moja kwamba hata ukishakamatwa, polisi wanahitaji hati ya hakimu ili waingie kwenye simu yako. CalECPA ikaongeza kwamba hati hiyo inatakiwa pia wanapokwenda kwa kampuni kuomba ujumbe wako au kumbukumbu za mahali ulipokuwa.

Sasa nije kwenye maneno yako mawili, "aangalie tu". CalECPA ina milango michache ya kupita bila hati: dharura ya kuokoa uhai, simu iliyopotea au kuibwa, na ridhaa ya mwenye kuishika. Wewe ulimfungulia huo wa ridhaa. Na usitegemee askari akukumbushe kwamba unaweza kukataa. Mwaka 1973, katika kesi nyingine ya California iliyoanza kwa gari lenye taa mbovu kama lako, Mahakama ya Juu iliamua kwamba polisi halazimiki kukuambia hivyo. Binafsi uamuzi huo sijawahi kuupenda.

Hata hivyo mpangilio wa matukio unakusaidia. Alichungulia kwanza, ridhaa ikaja baadaye, tena baada ya kukubana kwa swali lililotokana na kile alichochungulia. Ungeshtakiwa, wakili angeanzia hapo kuiomba mahakama iutupe ushahidi huo. Kwa kuwa hujashtakiwa, njia iliyo karibu ni malalamiko. Kila idara ya polisi California inatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuyapokea. Andika saa, barabara, namba ya gari lake kama uliiona, na maneno yake kama alivyoyasema, kabla hayajafifia kichwani. Siku nyingine mwambie kwa upole kwamba hukubali simu ipekuliwe, na mikono ibaki inaonekana.

Shemeji yako anakosea. Wapiga kura wa Missouri waliingiza ulinzi wa mawasiliano na data za kielektroniki kwenye katiba ya jimbo lao mwaka 2014. Michigan walifuata mwaka 2020, kwa karibu asilimia 89 ya kura. Montana ilitangulia mwaka 2013 kwa kudai hati kabla ya polisi kupata taarifa za mahali simu ilipo, na Utah mwaka 2019 ikalinda hata data ulizoziacha kwa kampuni. Kila jimbo lina maneno yake, kwa hiyo akivuka mpaka asidhani anatembea na sheria ya nyumbani.

Tena sheria za majimbo hazimfungi ofisa wa serikali kuu. Mkitua uwanja wa ndege kutoka nje ya nchi, maofisa wa forodha na mipaka hupekua simu bila hati ya hakimu. Raia wa Marekani akikataa kutoa nywila hawezi kuzuiwa kuingia nchini kwa sababu hiyo, lakini simu wanaweza kubaki nayo.