Maswali ya Wasomaji: Majirani Wananiita Baa, Niende?

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi ni mwalimu kijana kutoka Wundanyi, nimehamia Umoja juzijuzi. Majirani wa ploti yetu hukutana kila Jumamosi kwenye baa ya pale kona kutazama mpira, nao wamenialika. Nyumbani sikuwahi kuingia baa, baba yangu ni mzee wa kanisa. Situmii pombe, lakini upweke wa Nairobi umenichosha. Nitaketije bila kuonekana mshamba? Na je, sitaibiwa? — Mwalimu, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Nimehudumu katika baa za Eastlands tangu usichana wangu hadi magoti yalipokataa, na nimeona vijana wageni wakipata kazi, chumba cha kupanga, hata mchumba, kupitia mtu waliyeketi naye meza moja. Mtaani kwetu, baa ndiyo baraza.

Mara ya kwanza ingia pamoja na jirani aliyekualika, na mapema. Kwa sheria ya 2010, ile wengi wanayoiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipigania, baa hufunguliwa saa nane mchana Jumamosi na Jumapili, na saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kufunga ni saa tano usiku. Ukifika saa tisa utakuta viti, na utaona watu wakiwa bado na akili zao. Wasalimie walioko mezani mmoja mmoja, ugote ngumi na wa rika lako, na kabla ya kuketi uliza kama kiti kina mwenyewe. Wazee wana viti vyao, hasa vile vya karibu na televisheni siku Gor Mahia na AFC Leopards wanapokutana.

Soda agiza kwa sauti yako ya kawaida, wala usieleze sababu. Nimewapelekea soda madereva, Waadventista, wagonjwa wa kisukari na watu walioacha pombe kwa machozi, na meza iliwapokea. Kinachoudhi meza ni mtu anayenunuliwa kila raundi naye hanunui. Zamu yako ikifika, nunua, au changia nyama.

Nyama ina utaratibu wake. Nenda mwenyewe kwenye bucha ya baa, uchague kipande, mbavu au mguu wa mbuzi, kipimwe ukiona. Kilo moja yaweza kuchukua saa nzima motoni, kwa hiyo usiagize ukiwa tayari una njaa. Itakuja imekatwakatwa juu ya ubao, na chumvi pembeni, ugali na kachumbari. Kabla ya hapo utaletewa maji ya moto ya kunawa. Mshukuru anayekumiminia.

Sasa sikia hili vizuri kuliko yote: mjue mhudumu wako. Muulize jina, mwite kwa jina hilo, usimpigie mluzi wala kumshika mkono. Huyo dada ndiye anayeona kila kitu. Nairobi kuna watu wa mchele, wanaotia dawa katika kinywaji cha mtu ili alale, kisha wamalize pesa zote za M-Pesa. Zaidi ya mara moja nimeondoa glasi ya mteja mezani nikisingizia ina ufa, kwa sababu niliona mkono uliopita juu yake. Niliwafanyia wote walioniheshimu, na hata wasioniheshimu, lakini yule niliyemjua jina nilimwangalia zaidi. Ndivyo moyo ulivyo.

Kwa hiyo chupa yako, hata ya soda, ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukienda msalani ukaiacha, usiirudie, agiza nyingine. Lipa kila kinywaji kinapoletwa, kwa nambari ya baa yenyewe na si simu ya mtu, na nambari yako ya siri iandike ukiwa umegeuka. Siku ukianza kunywa, kaa mbali na chupa isiyo na stempu ya KRA, mamlaka ya kodi. Pombe yenye methanoli hupofusha, na huua.

SWALI: Mama, mimi ni muuguzi, naishi Donholm. Nikitoka kazini natamani nusu kilo ya choma na bia moja, peke yangu, kwa utulivu. Wanaume hawaniachi. Nifanyeje? — Muuguzi

JIBU: Una haki ya kula nyama yako, binti yangu, na linaniuma kwamba hadi leo unalazimika kuuliza. Chagua baa moja na uizoee, badala ya kubadilisha kila wiki. Keti karibu na kaunta, mahali mhudumu anakuona bila kugeuza shingo. Mwambie tangu mwanzo, "Leo niko peke yangu na sitaki kampani." Ataelewa, tunaelewa sana. Ukiletewa bia uambiwe imetoka kwa yule pale, mwambie airudishe ikiwa bado imefungwa. Usiende wewe kumweleza mwenyewe, maana maelezo ndiyo anayoyangoja. Akija mezani hata hivyo, muite bausa, yule mlinzi wa baa, hiyo ndiyo kazi yake. Na wakati wa kurudi nyumbani, mwombe mhudumu akuitie mwendesha bodaboda anayemfahamu yeye. Kila baa ina wawili watatu wanaowapeleka wahudumu wenyewe makwao usiku.