Cheti cha R134a hakitoshi kwa friji za R600a

Je, fundi aliyejifunza kwa R134a pekee, gesi ya kupozea isiyowaka kirahisi, aweza kujaza friji za R600a? Hapana, asianze kabla ya kupata mafunzo ya nyongeza, hata kama ana cheti cha VETA cha fani ya majokofu na viyoyozi. Sababu ni kwamba R600a ni isobyuteni, gesi inayowaka na iliyo nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia chini sakafuni, ambako cheche ndogo ya swichi yaweza kuilipua. Friji ya nyumbani hubeba gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100, na ndiyo maana mizani ya kidijitali ni ya lazima. Kukisia kwa kugusa bomba na kusikiliza kompresa, kama inavyofanyika mitaani, hakufai kabisa. Mfumo hutolewa gesi yote na kupitishwa naitrojeni kabla moto wa kuchomelea haujasogezwa karibu, madirisha yakiwa wazi. Katika kupima uvujaji pia hutumika naitrojeni kavu, kamwe si oksijeni, kwa sababu oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na jambo hili nalirudia kwa wanafunzi wangu kila tunapoingia karakanani. Angalizo moja: kompresa ya R600a haijazwi R134a kama mbadala, hivyo kibandiko chake, chenye pembetatu ya njano na alama ya moto, kisomwe kabla ya kufungua chochote.