Kwa nini zilishuka timu nne msimu wa 2020/21

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini msimu wa 2020/21 zilishuka timu nne ilhali zilizopanda ni mbili tu. Sababu ni kwamba Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 18 hadi 16, baada ya kuwa na timu 20 msimu wa 2019/20. Mwadui, JKT Tanzania, Gwambina na Ihefu ziliteremka moja kwa moja, na nafasi zao zikachukuliwa na Geita Gold na Mbeya Kwanza pekee.

Ubingwa haukuwa na mshangao, kwani Simba ilichukua kombe kwa mara ya nne mfululizo. Roho zilikuwa juu kwa timu za chini ya msimamo, na sisi wa Tanga tunalijua hilo kuliko wengi, maana Coastal Union, mabingwa wa 1988, walilazimika kucheza mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza, timu ya daraja la chini yake, ndipo wakabaki. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wangeshuka, uwanja wao wa Mkwakwani ungebaki kusimulia ya zamani tu, na kwa maoni yangu upunguzaji ule ulifanywa kwa kasi mno.