Boksi Limeandikwa "Nguo", Ndani Kuna Manukato

SWALI: Shikamoo mzee. Kijana wangu yuko chuo Ujerumani. Nimemnunulia Kariakoo pawabenki ya mAh 20,000 na chupa mbili za manukato, nataka kumtumia kwa posta. Jirani ananiambia nivifunge ndani ya kitenge, juu niandike "nguo" tu. Nifungeje?
Mama wa watatu, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba, mama. Jirani anakutakia mema ila hapo kakupotosha. Nimekaa miaka kaunta ya vifurushi hapa mjini, na boksi moja sijalisahau. Liliandikwa "nguo". Tulipofungua gunia, harufu ikatupiga puani: chupa ilikuwa imepasukia ndani ya kanga, imelowesha vifurushi vya watu wengine, na vyeti vya shule vya mtoto wa watu wino umechuruzika wote. Na hapo tulibahatika, maana mle mna spiriti. Ingepata cheche tu!

Kwa hiyo manukato huhesabiwa kimiminika kinachowaka, daraja la 3 la mizigo ya hatari, namba UN1266 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo hiyo. Posta ya kimataifa haiyapokei hata uyafunge vipi. Kampuni ya vifurushi yenye huduma ya mizigo ya hatari inaweza kuyabeba: kizibo kinazungushiwa selotepu, chupa inaingia kwenye mfuko wa plastiki wenye kitu cha kufyonza, kisha boksi gumu lenye lebo nyekundu yenye umbo la almasi na picha ya mwali wa moto, sentimita 10 kila upande. Ukiuliza bei, nadhani utamtumia kijana hela anunue hukohuko.

Pawabenki nayo ni betri tupu ya lithiamu, UN3480. Simu yenye betri ndani yake ina masharti yake, lakini betri peke yake posta ya kimataifa haiitaki. Ikibonyea au kutoboka hujichemsha yenyewe mpaka iwake, na moto huo kwenye tumbo la ndege si wa ndoo ya maji. Mpe msafiri, aiweke begi la mkononi, asiiingize kwenye sanduku la kupakiwa chini. Zidisha zile mAh 20,000 kwa volti 3.7 za betri, gawa kwa 1,000: unapata wati-saa (Wh) 74, kipimo cha nishati ya betri, na mwisho wa kawaida kwa abiria ni 100.

Halafu ile fomu ya forodha inayotaja kilichomo ndani ya boksi inatiwa saini na wewe, jirani hayumo.

Kitenge kitume. Hapo andika "nguo".