Ng'ombe anayerudi kwenye joto baada ya kuhimilishwa

Ndugu, umesema ng'ombe wako amehimilishwa (ametiwa mbegu za dume kwa mrija) mara mbili na bado anarudi kwenye joto, yaani hamu ya kupandwa. Kabla ya kulaumu mbegu, angalia saa. Dalili ya uhakika ni kusimama tuli anapopandwa na wenzake. Ute na kulialia peke yake havitoshi. Ukimwona amesimama asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Wengi humwita mtaalamu damu ikishaonekana, na hapo wakati umepita kabisa, inaniuma kila nikisikia. Mrija wenye mbegu zilizogandishwa nao uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, si kiganjani! Hesabu siku 21 tangu joto la mwisho, umchunguze alfajiri na usiku. Akirudi tena, daktari wa mifugo ampime kizazi.